Nani Aliua Mirija ya Seremala?

Inspekta hakupenda hospitali, na hospitali nazo hazikumpenda. Kila alipoingia moja, mtu alimwonyesha benchi na kumwambia asubiri zamu yake. Hata leo, kitambulisho cha polisi kikiwa kinaning'inia shingoni, nesi wa mapokezi alimtazama usoni na kumuuliza anaumwa nini.

"Miguu," alisema Inspekta, na hakudanganya, kwa kuwa viatu vyake vipya vilikuwa vinamla vidole tangu asubuhi. "Lakini nimekuja kwa ajili ya maabara ya tishu."

Nesi alibadilika uso. "Aa, ya yule dada aliyetia sumu."

"Nani amesema ametia?"

"Kila mtu."

Inspekta alimfahamu vizuri huyo Kila Mtu. Alikuwa amekutana naye katika kesi nyingi na hakuwahi kumkuta na ushahidi. Alishukuru, akapanda ngazi, maana lifti ilikuwa imekufa pia nayo hakuna aliyekuwa anamtafuta muuaji wake.

Habari yenyewe ilikuwa hivi. Kijana mmoja seremala aliteleza na msumeno, ukamkata mkono chini ya kiwiko. Jeraha lilipona, lakini kipande cha mshipa wa fahamu kilikuwa kimepotea, na vidole vyake vitatu vilibaki vimelala. Ukivichoma sindano, anakuangalia tu. Maabara ya ghorofa ya juu ilichukua seli zake mwenyewe ikazikuza kuwa mirija mitatu laini, minene kama penseli. Mrija mmoja ungeshonwa kati ya ncha mbili za mshipa uliokatika ili mshipa upate njia ya kupita mpaka vidoleni, na miwili ilikuwa ya akiba. Upasuaji ulipangwa wiki hii. Jumatatu yote mitatu ilikutwa imekufa.

Ilikuwa ikikuzwa ndani ya kabati la joto la maabara; katika kabati la pili, hatua chache tu kutoka pale, mirija ya majaribio yenye unene uleule ilikuwa mizima kabisa. Ndiyo maana neno sumu lilitoka haraka. Aliyekuwa akiilisha mirija ya Seremala kila asubuhi ni Fundi wa maabara, binti ambaye wiki mbili kabla alikuwa amegombana na Profesa, mkuu wa maabara, mbele ya watu kwa kunyimwa likizo. Kwenye kabati lake la nguo ilipatikana chupa ya dawa kali ya kuulia vijidudu. Alipoulizwa ni ya nini, alisema hajui imefikaje, kisha akasema ni ya kazi, kisha akanyamaza.

Mkuu wa Inspekta hakuhitaji zaidi ya hapo. Hati ya kumkamata Fundi ilikuwa tayari ndani ya mkoba wa Inspekta, imetiwa sahihi na kupigwa muhuri. "Nenda ukamalize," mkuu alikuwa amemwambia. "Jioni nataka awe ndani." Inspekta alikubali kwenda. Kuhusu kumaliza hakusema kitu.

Kwenye korido ya juu alimkuta Seremala mwenyewe, ameketi huku mkono ukiwa umefungwa kwa kitambaa shingoni. Alikuwa anajaribu kumenya chungwa kwa mkono mmoja na meno.

"Shikamoo, afande. Wewe ndiye wa kesi yangu?"

"Marahaba. Kwanza, nani amekuambia mimi afande?"

"Unatembea kama mtu asiyetaka kusalimiwa."

Inspekta alicheka bila kupenda. Alichukua chungwa, akalimenya, akamrudishia.

"Unamfahamu Fundi?"

"Dada wa watu! Yeye ndiye hunichoma vidole kuona kama vinaamka. Kila akichoma ananiomba radhi, na mimi hata sisikii." Seremala alitafuna kidogo, sura ikaingia wingu. "Hajatia sumu yule. Lakini nani atanisikiliza? Wote wanasema ninamtetea kwa sababu ni mzuri. Hata Mjomba hanijibu. Siku hizi hali, halali."

"Mjomba yupi?"

"Profesa. Mama yangu na yeye ni tumbo moja. Mama ndiye aliyemwambia, mwanangu asipopata mkono, wewe usinijie kwangu." Alicheka. "Mama yangu humfahamu, afande. Mshukuru Mungu."

Inspekta aliliweka hilo kichwani, akaendelea na safari yake.

Fundi alikuwa amewekwa kwenye stoo ya vifaa, kati ya maboksi ya glavu na ndoo za kudekia, na mlinzi mlangoni. Macho yake yalikuwa yamevimba, lakini nywele alikuwa amezichana vizuri. Inspekta aligeuza ndoo, akaikalia, akavua kiatu kimoja.

"Kwanza," alisema. Wenzake kituoni walimwita Bi Kwanza kwa ajili ya neno hilo, na alijua. "Kwanza, chupa."

Fundi aliinamisha kichwa.

"Binti, mimi sina siku nzima. Nina karatasi hapa yenye jina lako. Chupa ni ya nini?"

"Ya choo."

"Choo gani?"

"Cha nyumbani kwa mama." Sasa maneno yalitoka kwa pamoja. "Ile dawa ya hapa inasafisha kuliko ya dukani. Huwa ninachukua chupa moja zikibaki. Nilijua ni wizi. Nikaona nikisema ni wizi, watasema mwizi ndiye muuaji. Kwa hiyo nikadanganya, halafu nikasahau nimedanganya vipi."

Katika kazi yake Inspekta alikuwa amesikia uongo wa kila aina, na mtu anayedanganya kwa kupanga huja na kitu cha heshima zaidi ya choo. Alifurahi kidogo, ila hakuonyesha.

"Chupa imepungua?"

"Haijafunguliwa. Sili yake ipo."

"Hakuna aliyeiangalia?"

"Waliiona wakapiga kelele, afande. Hakuna aliyeishika."

Inspekta alimtuma mlinzi aiangalie huko ilikofungiwa. Mlinzi alirudi amenywea kidogo: sili ilikuwepo, haijakatwa. Basi sumu hiyo haikutoka kwenye chupa hiyo. Lakini maabara ina chupa nyingi, na Inspekta alijua kuwa mkuu wake angesema hivyohivyo kwenye simu. Alivaa kiatu chake, akaenda kuwatazama waliokufa.

Ndani ya maabara walikuwa wawili. Profesa alikuwa mzee mrefu aliyeanza kupinda mabega, na shati lake lilikuwa limefungwa vifungo kombo. Naibu wake alikuwa daktari kijana aliyevaa tai hata chini ya koti jeupe, na wafanyakazi wote walimwita Bwana Tai, yeye akidhani ni heshima. Ndiye aliyekuwa wa kwanza kutamka neno sumu.

"Kwanza," Inspekta alimwambia, "Profesa akiondoka hapa kwa aibu, nani anachukua kiti?"

Bwana Tai aliwaka. "Mimi. Na nakuambia mapema ili usihangaike: ninakitaka. Lakini nakitaka na maabara inayofanya kazi. Mgonjwa wa kwanza akishindikana, nitarithi kiti na chumba kitupu."

"Umejibu haraka."

"Nimekuwa nikijiuliza mwenyewe tangu Jumatatu kama watu watanishuku."

Jibu hilo lilimpendeza Inspekta. Mtu mwenye tamaa ya wazi ni rahisi kufanya naye kazi. "Basi nionyeshe maiti," alisema.

Bwana Tai alitoa sahani ya kioo kwenye jokofu. Mrija ulilala pale, mweupe uliofifia, mzuri wa umbo. Inspekta aliinama karibu.

"Mmeukata?"

"Tulipima maji uliyolala ndani yake. Tumetafuta sumu za aina zote tunazozijua. Hatujapata, lakini sumu nyingine hupotea."

"Sijauliza maji. Mmeukata wenyewe?"

Walitazamana. Hawakuwa wameukata. Walikuwa wameshaamua kilichotokea, na mtu aliyeshaamua huona kisu kama kazi ya ziada. Profesa alisema taratibu kwamba haoni faida yake. Bwana Tai alikwisha kuvaa glavu.

Alikata mrija katikati, kama mtu anayekata karoti, akapaka kipande rangi ambayo huonyesha seli hai kwa kijani na zilizokufa kwa nyekundu, kisha akakiweka chini ya hadubini iliyounganishwa na skrini ukutani. Wote watatu waliinua macho.

Ukingo wa nje ulikuwa kijani. Ni mwembamba, lakini kijani safi, kama pete. Ndani ya pete yote ilikuwa nyekundu.

"Sijasoma udaktari," alisema Inspekta, "kwa hiyo nisaidieni. Mtu akitia sumu kwenye maji, maji yanagusa wapi kwanza?"

"Nje," alisema Bwana Tai.

"Na nje ndiko kulikobaki hai."

Bwana Tai alisogea mpaka pua ikakaribia skrini. "Hii siyo sumu," alisema, kwa sauti ya mtu aliyemkuta mgeni sebuleni kwake. "Hii ni njaa. Imekufa njaa kutoka katikati."

"Nifafanulie kama unavyomfafanulia shangazi yako."

"Seli inakula kwa kupata damu karibu yake. Ikiwa mbali na damu zaidi ya unene wa karatasi mbili tatu, inakufa. Mrija huu ni mnene. Sehemu ya nje inakula kwenye maji yanayouzunguka. Ya ndani haiwezi, isipokuwa kama kuna mishipa midogo ya damu inayoingia mpaka katikati. Sisi huikuza mishipa hiyo kabla ya kitu kingine chochote. Pampu inasukuma chakula, mishipa inakibeba ndani. Tena mishipa hiyo ndiyo njia yenyewe: seli zinazosaidia mshipa wa fahamu hutambaa juu yake kwenda upande wa pili, na mshipa wa fahamu hufuata nyuma yao. Bila mishipa ya damu huna mkono, una bua kavu."

"Hapo kuna mishipa?"

Bwana Tai alitafuta. Alisogeza kipande kushoto, kulia, akaongeza ukubwa. "Hakuna hata mmoja."

"Kata wa kabati la pili."

Aliukata mrija wa majaribio. Huo ulijaa kijani mpaka katikati, na ndani yake kulitapakaa vitundu vidogo kama mkate uliochachuka vizuri. Kila kitundu kilikuwa mshipa. Inspekta hakuhitaji kuelezwa. Moyo wake ulitulia kidogo. Fundi alikuwa ametoka kwenye sumu. Lakini hajatoka kwenye kesi, kwa sababu mtu anaweza kuua kwa kunyima vilevile.

"Swali limebadilika," alisema. "Hatumtafuti aliyetia kitu. Tunamtafuta aliyefanya mishipa isiote. Mishipa huoteshwa vipi?"

Bwana Tai alimtazama mkubwa wake, kwa adabu, ili ajibu yeye. Profesa alijibu bila kuwaangalia.

"Kwa shida," alisema. "Tunaipunguzia tishu hewa ya oksijeni, siku za mwanzo. Ikikosa hewa kidogo, inaita mishipa. Inatoa kemikali zake, na mishipa inakuja kule inakoitwa. Ikishakuja, tunaanza kuirudishia hewa pole pole."

"Na isipopungukiwa?"

"Haiiti."

"Hewa mnaipunguza kwa kutumia kitu gani?"

"Kwa naitrojeni," alisema Bwana Tai, akaonyesha mitungi miwili mirefu iliyofungwa minyororo ukutani, mmoja kwa kila kabati. "Gesi hii inaingia, oksijeni inasukumwa nje. Kabati la mgonjwa tumelizima tangu Jumatatu, kumbukumbu zake zimefutika."

Inspekta aliichungulia mitungi. Nyumbani kwake mtungi wa gesi ya kupikia ulikuwa na tabia ya kuisha maharage yakiwa nusu, kwa hiyo alikuwa na uhusiano wa karibu na mitungi. Geji ya mtungi wa majaribio ilikuwa imelala chini kabisa. Geji ya mtungi wa mgonjwa ilisimama juu, kama iliyotoka kiwandani jana.

"Mlinzi, niletee Fundi."

Fundi aliletwa. Alisimama mlangoni akiwa hajui aweke wapi mikono.

"Mitungi hii nani aliifunga?"

"Mimi."

"Lini?"

"Yote miwili kwa pamoja, siku mirija ya mgonjwa ilipoingia kabatini."

"Mbona mmoja umejaa?"

Fundi aliitazama geji, na Inspekta aliona mshangao ukimpanda usoni kuanzia shingoni. "Sikuona. Nilikuwa ninaangalia huu unaokwisha, ili niagize mwingine. Ule haukunisumbua."

"Labda bomba limeziba," alisema Bwana Tai haraka.

"Labda. Washa kabati, liagize lipunguze hewa."

Bwana Tai aliliwasha, kisha akasimama. "Siwezi. Ukurasa wa hewa wa kabati la mgonjwa una namba za siri. Mlangoni linaonyesha joto peke yake."

"Nani ana namba?"

Fundi alisema kwa sauti ndogo, kama anayesoma kanuni ukutani: "Kabati la mgonjwa lina mkono mmoja, afande. Zamani watu wawili walibadilisha hewa, kila mmoja akidhani mwenzake hajabadilisha, kazi ikaharibika. Tangu hapo aliyeweka ndiye anayegusa. Sisi wengine tunalisha tu, na hatuulizi."

"Mkono wa nani?"

Profesa alikwisha kwenda kwenye kabati. Alibonyeza namba zake, akaagiza hewa ipungue. Gesi ilianza kuvuma ndani ya bomba, na geji ya mtungi uliojaa ikatikisika, ikaanza kushuka. Bomba halikuziba. Mashine ilikuwa nzima. Haikuwa imeagizwa, basi.

"Kwanza," alisema Inspekta, safari hii kwa upole, "kaa chini, mzee wangu."

Profesa alikaa. Aligundua vifungo vyake, akaanza kuvifungua na kuvifunga upya.

"Ni mwanangu yule," alisema. "Dada yangu alimzaa, mimi ndiye niliyembeba kumpeleka shule. Nilipoweka mirija yake ndani, mkono wangu ukafika kwenye hewa. Nikasema, leo nisimpunguzie. Ipate nguvu kwanza, nitapunguza kesho. Kesho nikaja nikaikuta imependeza, imenenepa. Nikasema kesho."

"Ulijua haifai."

"Nimefundisha jambo hilo maisha yangu yote."

"Angekuwa mgonjwa mwingine?"

"Ningepunguza hewa nikaenda kunywa chai."

"Na Jumatatu ulipoikuta imekufa?"

Profesa alifunga kifungo cha mwisho. "Bwana Tai alipopaza sauti kuwa ni sumu, nilishika neno hilo kwa mikono miwili. Nilitaka sana iwe sumu. Kila siku nimekuwa nikijiambia, labda ni sumu kweli. Hii chupa, huu ugomvi wa likizo. Nilikuwa nakaribia kuamini."

Fundi alitoka mlangoni, akaja mpaka mbele ya kiti chake. Hofu ilikuwa imemtoka.

"Jana ulinipita kwenye ngazi, Profesa. Niko na mlinzi kama mwizi wa kuku. Ukanisalimia."

"Nilikusalimia."

"Ukaniuliza mama hajambo."

"Nisamehe, mwanangu."

"Nitakusamehe," alisema Fundi, machozi yakimtoka waziwazi, "lakini si leo. Leo nimekasirika, na ninataka kukasirika mpaka nishibe."

"Ni haki yako," alisema Profesa. Lakini mabega yake yalikuwa yameshuka, na uso wake ulikuwa na ile hali ya mtu aliyetua gunia. Aibu ilikuwepo, tena nyingi, ila alikuwa anapumua.

Bwana Tai alikohoa. "Na mimi nilipiga kelele kabla ya kukata. Dada, unisamehe na mimi."

"Wewe jiunge kwenye foleni."

Inspekta alicheka, Fundi naye akajikuta anacheka katikati ya kilio, makamasi yakamtoka, akajifuta kwa mkono wa koti.

"Sasa mkono wa yule kijana," alisema Inspekta. "Ndiyo basi?"

"Hapana," alisema Bwana Tai, na kwa mara ya kwanza alionekana daktari kuliko mrithi. "Seli zake zimebaki, tumezigandisha. Misuli ya vidole bado haijadhoofika sana. Tukianza upya leo, na hewa ikiwa sawa, tutamwahi. Tungeendelea kumsaka mtia sumu ndio tungechelewa."

"Namba za siri apewe nani?"

Profesa alichukua kalamu, akaziandika kwenye kiganja chake mwenyewe, akamnyooshea Fundi mkono azisome. "Apewe mtu asiye mjomba wake," alisema.

Fundi alizisoma. Alikwenda kwenye sinki akaanza kunawa mikono mpaka kwenye viwiko, kwa sabuni nyingi, kama mtu aliyerudi kwake.

"Utaniandikia maelezo kamili," Inspekta alimwambia Profesa. "Kuua mirija yako mwenyewe sijui kama kuna kosa. Kunyamaza mwenzako akiwekwa stoo, kuna wakubwa zako watakaolitazama. Na kwa dada yako utaenda mwenyewe. Mimi sitamwambia."

"Afadhali unifunge," alisema Profesa, akimaanisha.

Inspekta alitoka koridoni akampigia mkuu wake. Mkuu aliuliza amkamate nani basi, na Inspekta akamwambia hakuna, isipokuwa kama polisi wanakamata wajomba. Mkuu alinung'unika mpaka akaishiwa. Inspekta aliisikiliza minung'uniko yote kwa raha, mgongo ukiwa umeegemea ukuta, akisikia uzito wa siku ukimtoka.

Alipofika kwenye ngazi alimkuta mama mmoja mnene amekaa kwenye kidato, anahema, na begi kubwa limesimama ubavuni pake. Kwa kukosa lifti alikuwa amepanda kwa miguu mpaka hapo, pumzi ikamwishia. Alipoona kitambulisho alijaribu kuinuka.

"Wewe ndiye afande? Mnampeleka kituo gani mwanangu? Niambie ukweli, ili nijue basi la kupanda."

"Mama yake Fundi?"

"Ndiye mimi."

"Hatumpeleki popote, mama. Hajafanya kitu. Yuko ndani anafanya kazi."

Mama alimtazama kama anayengoja sehemu ya pili ya habari. Haikuja.

"Kazi gani?"

"Kazi yake. Amerudishwa. Kuna mkono wa mtu unamsubiri."

"Umeapa?"

"Nimeapa."

Hapo mama alikaa tena, kwa kishindo, akaanza kulia kwa sauti bila kujifunika uso. Kilio chake kilikuwa cha furaha tupu na kilishuka ghorofa zote. Inspekta alikaa kwenye kidato kando yake. Hakuwa hodari wa kubembeleza, lakini alimshika mkono, na mama akaung'ang'ania.

"Nimeamka gizani kufunga hili begi," alisema mama alipopata pumzi. "Sabuni, mswaki, nguo za kubadilisha. Nimemwekea sweta mbili. Nilisikia huko ndani kuna baridi."

Inspekta aliwaza juu ya vyumba vya kituo chake, ambavyo alivifahamu hadi nyufa.

"Kuna baridi sana, mama," alisema. Kisha aliinuka, akavua viatu vyake, akavishika kwa mkono mmoja, akanyanyua begi kwa mkono wa pili, na wakaanza kushuka.